Tetemeko la Bukoba Lilivyonifundisha Kujenga Bagamoyo

Kila nikisema kwamba nilikuwa Bukoba siku ya tetemeko, swali la kwanza huwa moja: "Lilikuwa la ngapi?" Nikijibu 5.9, mtu hutikisa kichwa kana kwamba ameshaelewa yote. Miaka minne baadaye nikiwa nyumbani kwangu Bagamoyo likapita jingine, nalo likatangazwa kuwa 5.9, wengine wakasema 6.0. La kwanza liliua watu wasiopungua 17, likabomoa na kupasua maelfu ya nyumba. La pili liliwatoa watu nje, wakasimama barabarani na kanga na vikoi vyao, kisha wakarudi kulala. Namba karibu ni ile ile. Mimi ni fundi uashi, na jambo hili halijanitoka kichwani mpaka leo.

Bukoba nilifuata kazi. Rafiki yangu niliyejifunza naye ufundi alioa Kagera, akanipigia simu kwamba kuna nyumba mbili za kupiga lipu na moja ya kunyanyua kutoka msingi. Nikapanga chumba Hamugembe. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, karibu namaliza ukuta wa upande wa jua.

Nilisikia mngurumo kwanza, kama lori la mchanga linalopita nyuma ya nyumba. Kisha mshindo mmoja kutoka chini, jukwaa likaruka. Nikadhani saidia fundi wangu amegonga mguu wa jukwaa kwa toroli. Kabla sijageuka kumkemea, ardhi ikaanza kwenda huku na huku. Lipu mbichi niliyokuwa nimepiga tangu mchana ikashuka ukutani kama uji uliomwagika. Nikaruka. Nilipofika chini sikuweza kusimama, nikapiga magoti na kushika majani, na majani yenyewe yalikuwa yakitembea.

Haikufika dakika. Baada yake kukawa na kimya kifupi, halafu vumbi, halafu watu wakaanza kuitana majina.

Nyumba ya jirani ilikuwa imelala upande mmoja. Bibi mwenye nyumba ile alikuwa ameketi uani, kahawa yake imetawanyika kwenye mkeka aliokuwa akiianikia. Nikamkimbilia, nikamwambia, "Bibi, pole, umeumia?" Akanitazama muda, akasema, "Mwanangu, ningekuwa nimelala." Nikachungulia ndani kupitia palipokuwa na ukuta. Tofali zilikuwa zimejaa juu ya kitanda hadi kufunika mto. Alasiri yenye jua, watu wako nje na shughuli zao, ndiyo iliyowaokoa wengi siku ile. Lingekuja saa nane ya usiku, sijui tungezika wangapi.

Jioni tulisaidia kutoa vyombo kwenye nyumba zilizokuwa bado zimesimama. Hapo ndipo niliokota tofali moja la kuchoma kutoka kwenye ule ukuta wa bibi. Lilikuwa zima, kona zake nne kali, wala halina hata chembe ya saruji iliyoshika. Lilikuwa limeachana na mwenzake kama vitabu viwili vilivyobebanishwa mezani. Nikaokota kipande cha udongo wa kujengea uliokuwa katikati yao, nikakisugua kwa kidole gumba. Kikawa unga. Mchanga ulikuwa na vumbi, saruji ilikuwa kidogo, na aliyejenga hakulowesha tofali, kwa hiyo tofali likanywa maji yote kabla saruji haijashika. Nilijua kilichotendeka kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kujenga hivyo, mwenye nyumba alipokuwa anabana matumizi na mimi nataka kumaliza siku. Nilisimama na lile tofali mpaka giza likaingia.

Siku chache baadaye walikuja wataalamu kukagua. Nikajitolea kuwashikia futi kamba. Kijana mmoja wa jiolojia alikuwa na subira ya kujibu maswali, na mambo aliyonieleza tukitembea mitaani ndiyo yaliyofungua macho yangu.

Alivunja fito mbele yangu. Aliipinda polepole, ikapindika, ikapindika, ikakatika ghafla na mikono yake ikatetemeka. Akasema miamba ya Afrika Mashariki iko hivyo hivyo. Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache tu kila mwaka, miamba inajipinda kwa vizazi na vizazi, siku moja inakatika na yote iliyokuwa imehifadhiwa inatoka kwa sekunde chache. Safari hii ilikatikia upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, kama kilomita 40 chini ya ardhi. Mshindo ule wa kwanza ulionidanganya ni wimbi linalokimbia zaidi, ambalo husukuma na kuvuta. La pili huja nyuma yake, polepole kidogo, likitikisa ardhi kwa ubavu, na hilo ndilo huvunja nyumba. Ukiwa mbali na kitovu, nafasi kati ya wimbi la kwanza na la pili inakuwa ndefu. Ukiwa karibu, yanakuja yamefuatana, hata kugeuka huwahi.

Nikamuuliza kuhusu ile 5.9. Akasema kuna vipimo viwili na watu huvichanganya. Kimoja ni ukubwa wa tetemeko lenyewe kule linakoanzia, na hicho kina namba moja tu. Ukipanda ngazi moja, tuseme kutoka 5 hadi 6, mtikisiko unaoandikwa na mashine unakuwa mara 10, na nguvu inayotoka inakuwa kama mara 32. Kipimo cha pili ni ukali, yaani ardhi ya mahali fulani imetikiswaje na imefanya nini. Hiki kina ngazi 12, huandikwa kwa namba za Kirumi, na kina jina la padri wa Italia, Mercalli. Tetemeko moja lina ukali mwingi, kila mtaa una wake.

Mimi nilijieleza kwa njia yetu ya pwani. Adhana ni moja na sauti ya muadhini ni moja. Jirani wa msikiti anaamka, aliye ng'ambo ya mji anaisikia kwa mbali, na aliye shambani haimfikii. Lakini pia yuko mtu anayekaa mbali, nyumba yake imeezekwa bati tupu lisilopigiliwa vizuri, kila spika ikilia bati lake linavuma. Huyo anaisikia kuliko hata jirani wa msikiti. Bati lake ndilo lililonisumbua akili zaidi ya umbali.

Maana tulikuta Bukoba nyumba mbili za tofali sawa, zilizojengwa na fundi mmoja, kwa mujibu wa wenyeji. Ya mlimani, iliyokaa juu ya mwamba, ilikuwa na ufa mmoja wa kalamu juu ya mlango. Ya bondeni, kwenye udongo mweusi ambao ukichimba mita moja unakutana na maji, ilikuwa imefunguka pembe zote nne. Yule kijana akaniambia udongo laini hulichukua wimbi likitoka kwenye mwamba, ukalipunguza mwendo na kulikuza. Akanitajia Mexico City, tarehe 19 Septemba 1985. Kitovu kilikuwa ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini mji umejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Matope yale yalikuwa yakienda na kurudi kila baada ya sekunde kama mbili, na majengo yaliyokuwa na mwendo unaokaribia huo, ya ghorofa kama 6 hadi 15, ndiyo yaliyoporomoka kwa wingi. Nyumba fupi nyingi za jirani zilisalimika.

Ukitaka kuelewa hilo, msukume mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole, atapanda juu. Ukimsukuma ovyo ovyo, hata kwa nguvu zako zote, bembea itagoma. Kila jengo lina bembea yake. Nyumba ya chini huenda na kurudi haraka sana, sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Ghorofa kumi huchukua kama sekunde nzima.

Niliporudi Bagamoyo, nilichukua beseni la kufulia, nikalijaza mchanga wa ufukweni, nikamimina maji mpaka yakakaribia juu, nikasimamisha kipande cha tofali katikati. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Nikamwambia, "Piga beseni kwa ubavu, kofi kofi, usiache." Makofi matano tofali limesimama. Makofi kumi, maji yakaanza kung'aa juu ya mchanga ambao dakika moja iliyopita ulionekana mkavu. Makofi ishirini, tofali likainama, likazama nusu, likabaki hivyo kama jahazi lililokwama kwenye fungu. Binti akaniuliza, "Baba, mchanga umekuwa uji?" Ndivyo ilivyo. Chembe za mchanga zinapotikiswa hutaka kushikamana zaidi, maji yaliyo katikati yanakosa pa kwenda, yanazinyanyua, na kwa muda huo mchanga haubebi kitu. Mwaka 1964 huko Niigata, Japani, majengo ya ghorofa ya makazi yaliinama kwa namna hii, moja hadi kukaribia kulala chali, kuta zake zikiwa hazijavunjika.

Sasa tazama mji wetu. Ziko nyumba za Bagamoyo zilizokaa juu ya mwamba wa matumbawe, mpaka unapochimba msingi sururu inatoa cheche. Ziko zilizokaa juu ya mchanga mtupu. Na siku hizi watu wanajaza kifusi sehemu za mikoko na za mashamba ya chumvi, wanauziana viwanja. Mnunuzi huuliza barabara iko wapi na umeme uko wapi. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza maji yako kina gani.

Tarehe 12 Agosti 2020, Jumatano, saa mbili na dakika 13 usiku, nilikuwa nimeketi barazani. Maji kwenye ndoo yakaanza kuchezacheza na mlango wa chumbani ukajifungua wenyewe taratibu. Mwili wangu ulijua kabla ya akili. Nilikuwa nimeshamshika binti mkono na tuko katikati ya uwanja nilipotamka, "Tetemeko." Lakini halikuwa kama la Bukoba. Hakukuwa na mshindo. Ardhi iliyumba kwa upole, kama mtu aliye ndani ya ngalawa iliyotia nanga, kisha ikatulia.

Simu ikalia, mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye ghorofa ya nane. Alikuwa akihema. "Kaka, jengo limeyumba! Tumeshuka ngazi kwa miguu, viatu nimeviacha juu." Wakati huo huo dada yangu, anayekaa nyumba ya chini hapo hapo Dar, alikuwa hana habari, alikuwa anakaanga samaki. Kitovu kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, nasi Bagamoyo tuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Mitetemo mifupi ya haraka, ile inayopasua nyumba za chini, huishia njiani. Mirefu ya polepole ndiyo husafiri, na hiyo bembea yake ni ghorofa ndefu. Kina hakikuwa kikubwa, kwa hiyo kama kitovu kingekuwa chini ya mji badala ya baharini, ningekuwa naandika mambo mengine kabisa.

Usiku ule majirani hawakulala mapema. Waliogopa bahari. Wazee walikumbuka tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Sumatra, ambapo tsunami ilivuka bahari yote ya Hindi na kuua watu hata kwenye pwani yetu ya Tanzania, ingawa kwetu ilifika maji yakiwa yametoka na madhara yakapungua. Mama mmoja jirani alikuwa ameshafunga mizigo. Nikamweleza nilivyoweza kwamba lile la 2004 lilikuwa 9.1, lilinyanyua sakafu ya bahari kwenye ukanda wa mamia ya kilomita, na nguvu yake ilizidi hili la kwetu zaidi ya mara elfu arobaini. Tetemeko la ukubwa wa 6 kwa kawaida halina nguvu ya kuinua bahari namna hiyo. Akanisikiliza, akashukuru, lakini mizigo hakuifungua mpaka asubuhi. Sikumlaumu.

Tangu hapo nimebadilisha kazi yangu, na nimepoteza wateja kwa ajili hiyo. Watu hudhani tetemeko husukuma nyumba. Ukweli ni kwamba linaiondoa ardhi chini ya nyumba, nyumba inabaki nyuma. Ni kama dereva wa daladala anapoondoka ghafla na wewe umesimama. Miguu inakwenda na gari, kifua kinabaki. Aliyebeba gunia kichwani anaanguka kwanza, kwa sababu kila kilo iliyo juu inataka kubaki ilipokuwa. Kwa hiyo ukuta mzito usiofungwa na wenzake ni hatari, na paa zito juu ya nguzo nyembamba ni hatari zaidi. Bukoba niliona kati ya dirisha na dirisha nyufa zimekatiana kama herufi X, kwa sababu ukuta ulivutwa kushoto ukapasuka kwa mshazari, ukavutwa kulia ukapasuka tena. Niliona kuta za pembetatu zinazoshika kenchi zimeanguka nje, juu ya njia ambayo watu walikuwa wakikimbilia.

Mwaka 2010 dunia ilionyeshwa wazi. Mwezi Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, mwezi Februari Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu kama mara 500. Chile walikufa watu wapatao 500. Haiti walikufa zaidi ya laki moja. Haiti kitovu kilikuwa karibu na mji mkuu na hakikuwa na kina, hilo ni kweli. Lakini Chile wana sheria za ujenzi walizozipata kwa misiba yao ya zamani, na wanazisimamia. Hapo ndipo inaponiuma. Saruji ile ile, nondo zile zile, mchanga ule ule.

Mteja mmoja aliniletea ramani ya nyumba ya ghorofa moja, chini maduka matatu yaliyo wazi mbele, hakuna ukuta, nguzo nne tu nyembamba. Nikamwambia chini kutakuwa kulegevu kuliko juu, ardhi ikiyumba nguzo zile zitakunjika kama magoti. Tuongeze ukuta wa zege pembeni au tunenepeshe nguzo. Akasema, "Fundi, Bagamoyo hakuna matetemeko." Akamchukua mwingine. Nyumba imesimama, ina wapangaji, na kila nikipita pale hutazama zile nguzo.

Mgogoro mgumu zaidi ulikuwa na mjomba wangu, aliyenifundisha kazi. Yeye ni fundi wa mawe ya matumbawe na chokaa, amekarabati nyumba za Mji Mkongwe tangu ujana wake. Nilipomwambia kwamba zile kuta nene za mawe, zisizo na chuma ndani, ndizo ningeziogopa kuliko zote siku pwani hii ikitikiswa vikali, alikasirika. "Nyumba hizi zimesimama tangu enzi za babu zako. Saruji yenu inapasuka baada ya miaka mitano." Ni kweli yote mawili. Chokaa hupumua, ukuta hauliwi na chumvi kama nondo zilizomwagiwa zege la mchanga wa baharini, ambazo huvimba kwa kutu na kupasua zege kutoka ndani. Lakini jiwe lina uzito, na ukuta wa nusu mita uliojazwa vipande katikati hutikisika ukafunguka kama ganda la nazi. Umesimama kwa sababu haujajaribiwa. Hatukusalimiana vizuri kwa mwezi mzima.

Mwaka huu nanyanyua nyumba ya vyumba vitatu njia ya Kaole. Msingi umekaa juu ya matumbawe, Alhamdulillahi. Tofali tumefyatua wenyewe, tumezimwagilia wiki nzima chini ya makuti, na kabla ya kuzitumia nilidondosha mbele ya mwenye nyumba moja baada ya nyingine kutoka usawa wa kiuno aone zisizovunjika. Linta inazunguka nyumba yote kama mkanda wa kiunoni, nondo nne za milimita 12. Kwenye kona saidia fundi alikuwa amezikata zikaishia pale pale, ukuta huu na zake, ukuta ule na zake. Nikazifungua zote. Nondo lazima ikunje kona na kuingia ukuta wa pili, sentimita 60, ishikane na za huko, vinginevyo kona ndiyo itakayofunguka kwanza, kama nilivyoona bondeni kule Bukoba.

Tulikuwa katika kazi hiyo mjomba alipofika na mkongojo wake. Nikashuka kumpokea. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu." Akazunguka nyumba nzima taratibu, akisimama kila pembe na kuhesabu kwa midomo. Kwenye kona ya nne akaweka mkongojo ukutani, akanyoosha mkono. "Nipe waya." Nikampa waya na koleo. Akafunga ringi ya mwisho mwenyewe, akaikaza, akajaribu kuitikisa kwa vidole viwili, akaikaza tena.